Meno ya Mtu Mzima Hunyooka, Lakini Fizi Kwanza

Mtu akitoka Westlands, akaipita Sarit na kufuata Barabara ya Lower Kabete kuelekea Spring Valley, haendi mbali kabla ya kuona bango la kliniki ya meno. Picha ya bango mara nyingi huwa ya kijana anayetabasamu, amevaa nyaya za meno, au breisi kama zinavyoitwa mitaani. Mkazi wa miaka 45 ambaye tangu shuleni amekuwa akifunika mdomo kwa kiganja anapocheka hulitazama bango hilo, akajiambia hayo ni mambo ya watoto wake, kisha akaendelea na safari.

Kitabibu, uamuzi wake hauna msingi. Meno ya mtu wa miaka 45, na hata ya mtu wa miaka 65, husogea yakisukumwa jinsi ya mtoto wa miaka 13 yanavyosogea. Kinachoweza kuzuia matibabu ni hali ya fizi na ya mfupa unaoyashikilia meno. Hapo ndipo watu wazima wengi hukwama, na hapo ndipo baadhi yao huumizwa na matibabu yaliyoanzwa kwa pupa.

Jinsi jino linavyohama

Jino halikukaa ndani ya taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi zinazolishikilia na kupokea nguvu za kutafuna. Waya unapolisukuma jino upande mmoja, seli maalum huanza kuumung'unya mfupa wa upande huo, na kule jino linakotoka seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa hivyo jino huhama pamoja na tundu lake, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa mwezi. Nguvu kubwa hazileti mwendo wa kasi zaidi. Zinaweza kufupisha mzizi, na mzizi uliofupika haurefuki tena.

Mfupa wa mtu mzima ni mgumu zaidi na seli zake huchelewa kuamka, ndiyo maana wiki za mwanzo anaweza kudhani hakuna kinachoendelea. Matibabu mengi huchukua kati ya miezi 18 na miaka 2. Kasoro ndogo ya meno mawili ya mbele inaweza kumalizika kwa miezi michache, na kazi kubwa ikapita miaka 3. Anayeahidi kunyoosha mdomo mzima kwa wiki nane anapaswa kuulizwa atafanyaje, na jibu lisikilizwe kwa makini.

Lipo jambo moja ambalo umri umelifunga, nalo ni ukuaji wa taya. Kwa mtoto anayekua daktari anaweza kuelekeza ukuaji huo. Kwa mtu mzima ambaye taya la chini limetokeza mbele sana, au ambaye meno yake ya mbele hayakutani kabisa anapouma, nyaya peke yake huenda zisitoshe. Kesi kama hizo huhitaji upasuaji wa taya pamoja na nyaya, kazi ya mpasuaji wa mdomo na mtaalamu wa kunyoosha meno wakishirikiana tangu siku ya kupanga.

Mwanya wa kuzaliwa na mwanya uliozuka

Waswahili wanausifu mwanya. Pengo dogo kati ya meno mawili ya mbele ya juu limetungiwa mashairi, na wapo wanaosikitika kwamba hawakuzaliwa nalo. Mtu ambaye amekuwa na mwanya wake tangu meno ya utotoni yalipoondoka, na fizi zake ni nzima, kwa kawaida si mgonjwa. Akitaka kuuziba ni hiari yake. Akitaka kuubakiza wakati meno mengine yanapangwa, aseme mapema, kwa sababu mtaalamu anaweza kupanga kazi yake akauacha.

Mwanya uliozuka mtu akiwa na miaka 38 au 50 ni habari tofauti kabisa. Dalili yake rahisi ni picha: picha ya harusi au ya kitambulisho cha zamani inaonyesha meno yaliyokaribiana, na kioo cha leo kinaonyesha meno yaliyoachana, yametokeza mbele kidogo, yanaonekana marefu kuliko zamani. Wengi husema ni uzee. Mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Mfupa umeliwa taratibu bila maumivu, na jino lililopungukiwa na mfupa likaanza kusukumwa na ulimi, midomo na nguvu za kutafuna.

Mgonjwa wa aina hii ndiye anayejipeleka kliniki kuomba nyaya, kwa sababu anachokiona yeye ni pengo. Akifungwa nyaya hizo huku fizi zikiwa zimevimba na kutoa damu, shinikizo la waya huungana na ugonjwa na mfupa huisha kwa haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja anaweza kuwa na meno yaliyonyooka vizuri lakini yanayocheza, na baadhi yakalazimika kung'olewa.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015, uliohusisha Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Nairobi, ulikuta karibu kila mtu mzima aliyepimwa akiwa na fizi zinazotoka damu. Kutoka damu hakumaanishi kwamba mfupa umeshaliwa. Kunamaanisha kwamba uchunguzi wa fizi ni lazima ufanywe kabla ya mtu yeyote kuzungumzia waya.

Uchunguzi wenyewe hauchukui muda. Daktari hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na fizi, jino baada ya jino. Kina cha hadi milimita 3 kwa kawaida ni cha fizi nzima. Kuanzia 4, hasa palipo na damu, pana jambo la kushughulikia, na 6 au 7 ni onyo kubwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza namba zake na kuandikiwa. Ikiwa amekaa kwenye kiti, akaonyeshwa picha za nyaya na bei zake, na hakuna aliyemgusa fizi kwa kijiti hicho, hajachunguzwa bado.

Matibabu ya fizi huanza kwa kuondoa ukoga ulioganda, juu na chini ya ufizi, na kumfundisha mgonjwa kusafisha katikati ya meno kwa uzi au kwa brashi ndogo za kazi hiyo. Baada ya wiki kadhaa hupimwa tena. Namba zikishuka na damu ikikatika, nyaya zinaweza kufungwa hata kwa mtu ambaye tayari amepoteza sehemu ya mfupa wake, kwa nguvu ndogo zaidi na ukaguzi wa fizi kila baada ya miezi michache. Wapo waliorudishiwa meno yao mahali yalipokuwa kwa njia hii, bila kung'olewa hata moja.

Daktari pia anapaswa kuambiwa yote kuhusu afya ya mgonjwa. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na sigara huchelewesha kupona kwake. Dawa fulani za shinikizo la damu, kama nifedipine, na ya kifafa iitwayo phenytoin, zinaweza kuzinenepesha fizi hadi zikafunika meno. Dawa za kuimarisha mifupa ambazo baadhi ya wanawake hupewa baada ya kukoma hedhi zinaweza kuzuia meno yasisogee. Mwanamke mjamzito aseme kabla ya picha ya eksirei kupigwa. Hakuna anayepaswa kuacha dawa yake kwa ajili ya meno bila kuzungumza na daktari aliyemwandikia.

Gego lililong'olewa zamani

Chukua mfano wa mlinzi wa usiku anayeishi Kangemi na kufanya kazi kwenye lango la nyumba Barabara ya Peponi. Aling'olewa gego la chini akiwa na miaka 20 kwa sababu lilimuuma na kung'oa ndiko alikoweza kulipia. Miaka 20 baadaye gego la nyuma yake limelala kuziba nafasi, na gego la juu, ambalo halina tena la kukutana nalo, limeshuka. Chakula hukwama pale kila siku. Sasa anataka jino bandia la kudumu, na anaambiwa halitoshei.

Hii ni sababu ya kawaida kwa mtu mzima kuhitaji kunyooshewa meno, na haina uhusiano na urembo. Nyaya zinaweza kufungwa kwenye meno machache tu, gego lililolala likasimamishwa na nafasi ikarudi, kisha daktari akaweka daraja au jino la kupandikizwa. Jino lililopandikizwa halisogei kamwe, kwa sababu halina ule utando wa nyuzinyuzi. Kwa hivyo anayepanga kufanya yote mawili kwa kawaida huanza na nyaya. Aliyekwisha kupandikizwa amwambie mtaalamu mapema ili mpango ulizunguke jino hilo.

Maji ya kisima na gundi ya nyaya

Nyaya hushikiliwa na vishikizo vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino. Kwanza uso wa jino hupakwa asidi nyepesi ili gundi ishike. Hapa kuna jambo linalowahusu Wakenya wengi: meno yenye madoa ya kahawia yanayotokana na floraidi nyingi hayashiki gundi vizuri kama mengine, na vishikizo hubanduka mara kwa mara. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuta dalili za floraidi kwa watoto takriban 4 kati ya 10 waliopimwa. Waliokulia Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wanalijua doa hilo vizuri. Mwenye meno hayo aulize mapema jinsi yatakavyoandaliwa na nani atalipia vishikizo vikibanduka.

Visima virefu vya Nairobi, ikiwemo mitaa ya magharibi ambako nyumba nyingi huvitegemea, navyo vinaweza kuwa na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Doa huingia wakati jino linajengwa utotoni, hivyo mtu mzima hatalipata leo, lakini mtoto anayekunywa maji hayo hayo anaweza. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi hubaki.

Chuma, kauri au plastiki

Vishikizo vya chuma ndivyo vya bei nafuu na vinafaa karibu kila kesi. Vya kauri vina rangi ya jino, ni ghali zaidi na huvunjika kwa urahisi. Vifuniko vya plastiki visivyo na rangi, ambavyo kliniki huviita alaina, hubadilishwa kila wiki moja au mbili na hutolewa wakati wa kula. Vinawapendeza watu wazima wanaokutana na wateja kazini, na vinafaa kasoro nyingi, lakini vinapaswa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Mtu anayejijua kwamba atavisahau kwenye tishu mezani mwa hoteli afadhali achague chuma.

Siku tatu au nne baada ya kila marekebisho mdomo huuma. Paracetamol kwa kawaida hutosha. Mahindi choma ya kando ya barabara yapukuswe badala ya kung'atwa kwenye gunzi, nyama ikatwe vipande vidogo, na miwa, njugu ngumu na mifupa visubiri. Bablishi inayotafunwa na miraa hunata kwenye vishikizo na sukari yake hukaa pale saa nyingi. Doa jeupe linalobaki kuzunguka kishikizo kisichosafishwa ni mwanzo wa jino kuoza, na halifutiki kwa urahisi.

Gharama na mahali pa kuanzia

Katika kliniki za binafsi za Nairobi, kunyoosha meno ya juu na ya chini mara nyingi hugharimu zaidi ya shilingi 100,000, na alaina huzidi hapo kwa mbali. Bima nyingi za binafsi huyahesabu matibabu haya kuwa ya urembo na kuyaondoa kwenye malipo, ingawa matibabu ya fizi na kung'oa yanaweza kulipiwa. Mwanachama wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, asidhani kwamba nyaya zimo kwenye kifurushi chake. Aulize na apate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti vinasimamiwa na serikali ya kaunti. Mkazi anaweza kuanza kwa uchunguzi wa kawaida wa meno katika kituo cha kaunti chenye huduma hiyo, ikiwemo kliniki ya meno ya Lady Northey iliyoko karibu na State House Road, kisha akapewa rufaa. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek, ni hospitali ya kufundishia. Wanafunzi huhudumia wagonjwa wakisimamiwa na wahadhiri wao, kwa ada zilizo chini ya nyingi za kliniki za binafsi. Foleni huwa ndefu, na mtu aliyeajiriwa atahitaji kupatana na mwajiri wake kuhusu siku za kliniki, kwa kuwa ziara hurudiwa kila wiki 4 hadi 8.

Kabla ya kulipa, jina la daktari litafutwe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC), inayopatikana kwenye tovuti ya baraza hilo. Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, na kliniki yenyewe hupewa leseni yake. Mtaalamu wa kunyoosha meno ni daktari wa meno aliyerudi chuoni kwa miaka zaidi kusomea kazi hiyo, na si kosa kumuuliza alisomea wapi. Fundi wa maabara ya meno ana ujuzi mkubwa wa kutengeneza meno bandia, lakini kufunga nyaya mdomoni mwa mgonjwa si kazi yake. Kibandiko cha mapambo kinachogandishwa saluni bila eksirei wala uchunguzi si matibabu ya aina yoyote.

Kununua vifuniko kwa posta nako kuna hatari yake. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyowauzia wateja alaina bila wengi wao kukutana na daktari ana kwa ana, ilifungwa ghafla Desemba 2023. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu walibaki na meno yaliyosogea nusu na wakashauriwa wajitafutie madaktari wenyewe.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia mbalimbali za matibabu, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Hati ya Haki za Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 inampa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Mpango wa matibabu uandikwe: namba za fizi, muda unaotarajiwa, jumla ya malipo na jinsi yatakavyogawanywa, na kama ritena imo kwenye bei. Spring Valley ina wakazi wengi wanaohamishwa kikazi, hasa walioajiriwa na balozi na mashirika ya kimataifa yaliyoko Gigiri. Anayejua kwamba mkataba wake unaisha mwakani aseme siku ya kwanza, na akiondoka aondoke na nakala za eksirei, picha na kumbukumbu zake. Daktari wa mji mwingine akizikosa atalazimika kuanza kuchunguza upya, na mgonjwa atalipia tena.

Ritena

Siku ya kutoa nyaya mgonjwa hufurahi, na hiyo ndiyo siku ambayo meno yako tayari kurudi yalikotoka. Nyuzinyuzi zilizovutwa kwa miaka miwili bado zinavuta upande wa zamani. Ritena, ambayo ni kifuniko cha plastiki kinachotolewa au waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, ndiyo inayoyazuia. Mwanzoni ya kutolewa huvaliwa karibu muda wote, baadaye usiku tu, na kwa mtu mzima usiku huo hauna tarehe ya mwisho, hasa kwa aliyewahi kuugua fizi.

Ritena hiyo haioshwi kwa maji ya moto, kwani hupinda. Ikipotea au kuvunjika, mgonjwa arudi kliniki ndani ya siku chache bila kungoja ziara iliyopangwa. Anayeivaa baada ya wiki tatu za kuiacha na kuhisi inabana sana asiilazimishe. Meno yameshasogea, na yapimwe kwanza.

Mwenye malalamiko ambayo kliniki imeshindwa kuyatatua anaweza kuyapeleka kwa KMPDC kwa maandishi, akiambatisha mpango wa matibabu na risiti zake.